Kagua Chombo Kabla ya Kulipa
Mazungumzo kwa viongozi wa vyama, makanisa na shule za Thika na Ruiru



Kiambu haina bahari, lakini watu wake hupanda vyombo vya majini. Chama huenda Mombasa au Naivasha mwishoni mwa mwaka. Shule huwapeleka wanafunzi Fourteen Falls, ambako mashua huvusha wageni. Chombo hukodiwa, na mara nyingi kinachoulizwa ni bei tu.

Kampuni za mafuta hazifanyi hivyo. Kabla ya kukodi meli ya kuhudumia mtambo wa kuchimba baharini, humtuma mkaguzi asiyemtegemea mwenye meli. Mkaguzi hasomi vyeti pekee. Huingia chumba cha injini, hujaribu pampu za kuzimia moto, na huwauliza mabaharia watafanya nini mtu akianguka majini. Cheti na hali ya meli visipolingana, mwenye meli hurekebisha kwanza au hukosa kazi.

Kiongozi wa kikundi naye ana ukaguzi wake:

1. Aombe cheti kutoka Mamlaka ya Bahari nchini (KMA). Alinganishe jina na nambari na yaliyoandikwa ubavuni, kisha atazame tarehe na idadi ya abiria.

2. Ahesabu jaketi za kujiokoa. Kila abiria apate yake, na mtoto apate ya kumtosha.

3. Atazame sakafuni kama maji yanaingia, na injini iwashwe mbele yake.

4. Amuulize nahodha njia, hali ya hewa, na atamwita nani chombo kikikwama.

Idadi ya abiria si mapambo ya cheti. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyojaa kupita kiasi ilipinduka Mombasa na watu 272 wakafariki. Mwishoni mwa Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu kwenye mafuriko karibu na Garissa ilipinduka, na wengine wakapoteza maisha. Hayo yalikuwa mafuriko ya Mto Tana, ambao hupokea maji ya Mto Thika wetu.

Jambo gumu ni kukataa chombo wakati pesa zimeshachangwa na watu wamefika. Kwa hivyo kiongozi aandikiane na mwenye chombo mapema: amana irudishwe chombo kisipofaa, na salio lilipwe baada ya ukaguzi.

Amana ikipotea, kikundi kitachanga tena. Abiria akipotea, hakuna mchango wa kumrudisha.