Kuwekeza Bei Isipotabirika: Mafunzo ya Kahawa kwa Wakulima wa Machame

Mada kwa semina ya wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika



1. Utangulizi

Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Tangu hapo, kuanzia Lyamungo hadi Nkuu, watu wanaulizana kama bei itadumu. Hoja yangu ni kwamba swali hilo halina jibu la kutegemewa, na mkulima anaweza kuwekeza vizuri bila kulijibu. La lazima ni kujua bei inaweza kushuka hadi wapi, na kujipanga mapema ili siku hiyo isimkute mikono mitupu.

2. Bei ilivyotupitisha

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na kufikia 1977 bei ilikuwa imepita dola 3. Julai 1989 mgawo wa mauzo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na katika miezi michache bei ikaporomoka karibu nusu. Baridi ikarudi Brazili mwaka 1994, bei ikapanda tena. Wakati huo Vietnam ilikuwa ikipanda kahawa kwa kasi; mibuni yake ilipozaa, soko lilifurika, na mwaka 2001 ratili ikauzwa chini ya senti 50 za dola. Mwaka 2011 bei ilivuka dola 3 kwa mara nyingine.

Tukipima kwa kilo, senti 50 kwa ratili ni kama dola 1.10, na dola 4 ni kama dola 8.80. Umbali huo wote umepitiwa katika maisha ya mbuni mmoja.

3. Kinachotabirika na kisichotabirika

Hakuna mtaalamu anayejua baridi itaipiga Brazili mwaka gani. Hata maamuzi ya serikali hayatabiriki: Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa nyingi za Brazili, kahawa ikiwemo, hadi asilimia 50; Novemba mwaka uleule ikaiondoa kahawa katika ushuru huo. Mnada wetu wa Moshi hufuata mwendo wa New York, kwa hiyo mishtuko hiyo hutufikia hata kama mvua zetu zimenyesha vizuri.

Hata hivyo, jambo moja linajulikana. Mbuni huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Bei ikipanda, wakulima wa dunia nzima hupanda kwa pamoja, kisha huvuna kwa pamoja, na wingi huo huishusha bei. Ikishuka, wengi huacha kupogoa na kupulizia dawa, wengine hung'oa. Mavuno hupungua na bei hupanda tena. Aliyepanda kwa pupa wakati bei iko juu na aliyeng'oa kwa hasira ilipokuwa chini, wote wawili wamechelewa.

4. Namna ya kuwekeza

Kwanza, tujue gharama ya kuzalisha kilo moja ya kahawa ya maganda: mbolea, dawa, vibarua na usafiri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye hesabu hiyo anajua bei ambayo chini yake anapata hasara, na huo ndio utabiri ulio mikononi mwake.

Pili, tupime kila mpango kwa bei tatu: ya chini, ya kati na ya juu. Mkopo unaolipika kwa bei ya juu peke yake usichukuliwe.

Tatu, fedha ya msimu mzuri igawanywe kwa muda wa matumizi yake. Ada ya shule ya Januari na pembejeo za msimu ujao zikae mahali zinapotoka haraka, kama benki au mfuko wa ukwasi wa taasisi ya uwekezaji ya UTT AMIS. Fedha isiyohitajika kwa miaka mingi inaweza kununua hati fungani za serikali kupitia Benki Kuu. Riba yake hulipwa kila miezi sita na haitegemei bei ya kahawa.

Nne, tuwekeze shambani kidogo kidogo kila mwaka, bei iwe juu au chini. Tubadilishe sehemu ya mibuni mizee kwa miche bora ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) Lyamungo inayostahimili chule buni na kutu ya majani. Migomba, ng'ombe na parachichi vibaki kihambani, yaani shamba la nyumbani. Wazee waliochanganya mazao hawakuwa wamekosa utaalamu. Familia ilikula ndizi na kunywa maziwa hata kahawa ilipokosa soko.

5. Mapendekezo

Napendekeza kila chama cha msingi kikokotoe gharama ya kilo moja kabla ya msimu kuanza na kuibandika ofisini. Kitenge akiba ya dharura kutoka malipo ya pili (ya baada ya mnada) ya miaka yenye bei nzuri. Na kiwafundishe vijana kusoma taarifa za mnada za Bodi ya Kahawa. Kazi hii ifanyike wakati bei ni nzuri, kwa sababu bei ikishaanguka hatutakuwa na cha kutenga.