Kisima Nacho Hupumzika

Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Wakazi wa Mwanza tunaujua ukweli wa neno hilo. Ziwa Viktoria liko miguuni petu, lakini mji wetu umekaa juu ya miamba, na maji ya bomba hayana budi kusukumwa kutoka mitambo ya Capri Point na Butimba. Ndiyo maana baadhi yetu tuliojenga pembezoni, huku Buswelu na kwingineko, bado tuna kisima uani.

Nyumbani kwangu aliyekuwa akivuta kamba ya kisima kwa miaka mingi ni shangazi. Kwa kumhurumia, nikanunua pampu ya umeme wa jua. Fundi alipima paa, akahesabu paneli, akahesabu na fedha zangu. Shangazi hatukumwuliza neno.

Hesabu ya fundi haikuwa mbaya. Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 20, kwa hesabu tupu, kunataka umeme usiozidi ule wa taa ya wati 60 iliyowaka saa moja. Hata tukizidisha mara tatu kwa ajili ya nguvu inayopotea njiani, paneli mbili za wati 100 huimudu kazi hiyo siku ya jua zuri. Wala betri si lazima. Mchana pampu hujaza tangi lililoinuliwa juu, usiku tunafungua bomba.

Kosa lilikuwa chini. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, jua huwaka sana na kisima nacho hupungua. Katika miamba maji huchuruzika polepole kupitia kwenye nyufa. Anayetumia jenereta huizima mapema akiogopa bei ya petroli, bali jua ni la bure, halina wa kulizuia. Pampu yangu ikavuta mpaka tope, ikakosa maji ya kuipoza, ikaungua kabla ya kutimiza mwaka.

Shangazi alisimama ukingoni akatikisa kichwa. "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Kiangazi kisima hiki hutoa ndoo 15 asubuhi, kisha hupumzika mpaka alasiri." Ndoo 15 za lita 20 ni lita 300. Pampu yangu ilizimaliza kabla ya saa nne asubuhi, ikaendelea kunguruma.

Ndugu zangu, kabla ya kununua paneli, pimeni kisima chenu mwezi wa Septemba. Chota mpaka maji yashuke, teremsha kamba yenye jiwe upime kina, ngoja saa moja, upime tena. Nunua pampu isiyozidi uwezo huo. Mwambie fundi afunge kifaa cha kuizima maji yakipungua kisimani, na boya la kuizima tangi likijaa. Tena tusisahau kuchemsha maji ya kunywa, maana pampu haisafishi kitu. Kisima kilicho karibu na choo huleta maradhi kwa bomba kama kilivyoleta kwa ndoo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika nyumba nyingi anayekijua kisima ni yule aliyekichota, na mara nyingi yeye ndiye hatumwiti mezani fundi anapokuja. Pampu ya pili nimekwisha ifunga. Safari hii, swichi anaishika shangazi.