Hisia za Watoto Wetu Wenye Usonji
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, London)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya watoto wenye usonji. Nimekubali kwa kuwa jambo hili limo ndani ya nyumba zetu wenyewe, na kwa kuwa wapo wazazi katika ukoo huu walioacha kuja arusini na mazikoni kwa kuchoka kutazamwa. Mimi si tabibu. Nitasema niliyoyasoma na niliyoyaona kwa wajukuu.

Hukumu tunayoisikia mara nyingi ni hii: "Mtoto yule hana huruma, hata mamake akilia hashituki." Hukumu hiyo si ya kwetu peke yetu. Daktari Leo Kanner wa Marekani, ambaye maandishi yake ya mwaka 1943 ndiyo yaliyoutangaza usonji, baadaye aliwatuhumu wazazi kwa ubaridi wa moyo, na kwa miaka mingi kina mama walibebeshwa lawama isiyo yao. Waliosaidia kuivunja ni wazazi wenyewe. Mwaka 1962, hapa London, walianzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Miongoni mwao alikuwamo Daktari Lorna Wing, bingwa wa maradhi ya akili, ambaye binti yake alikuwa na usonji.

Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, wakifanya kazi hapa hapa London, waliwaonyesha watoto mchezo wa wanasesere wawili. Sally anatia gololi kikapuni, kisha anatoka. Anne anaihamishia sandukuni. Sally akirudi ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha sandukuni. Wako waliochukulia kwamba basi watoto hawa hawajali wenzao. Lakini kutojua mwenzio anadhani nini ni jambo moja, na kutomhurumia ni jambo jingine. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wao hutuelewa kwa shida, nasi vile vile hatujui kuwasoma wao.

Tujifunze basi kuwasoma. Mtoto mwenye usonji huenda akafurahi kwa kupepesa mikono na kurukaruka, uso wake usitabasamu. Aliyejawa na hofu huenda akacheka. Mwingine hurudia sentensi aliyoisikia siku alipoanguka, nayo kwake ndiyo maana ya "ninaumia". Wapo, wadogo kwa wakubwa, ambao moyo huwaenda mbio na tumbo huwasokota wasiweze kuitaja hisia hiyo kwa jina. Ukimwuliza "una nini?" atanyamaza, si kwa kiburi bali kwa kukosa neno. Wengine, hasa wasichana, hujikaza shuleni mchana kutwa, kisha wakifika nyumbani hububujikwa na machozi, na mama huulizwa amemfanya nini mtoto. Na yule anayeziba masikio na kujitupa chini vigelegele vinapopigwa hafanyi ukorofi: sauti, taa na moshi wa udi vimemzidi kwa pamoja. Kumpiga wakati huo ni kumtia maji anayezama.

Kwa hayo, Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mkutano wetu utengewe chumba kimoja cha utulivu, na wazazi waelezwe mapema ratiba ya siku ili mtoto aandaliwe. Pili, mtoto asilazimishwe kubusu mkono wa mzee wala kumtazama machoni. Akipunga mkono kutoka mlangoni, sisi wazee tuipokee kuwa ndiyo shikamoo yake, tumwitikie marahaba. Tatu, maneno ya "ana shetani" na "hajafunzwa adabu" yakome katika ukoo huu. Badala yake tumwulize mzazi: mtoto wako akifurahi hufanya nini, na akiogopa hufanya nini? Yeye anajua, kwa kuwa amekesha naye.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazazi hawa wamekilalia peke yao muda mrefu. Naomba mkutano ujao tuwaone hapa, wao na watoto wao.