Pasipoti na Daftari: Je, Uraia wa Pili Hulinda Mali?

Miongoni mwa mafundisho wanayopewa wenye mali siku hizi, limo lile linaloitwa nadharia ya bendera, yaani rai kwamba mwenye busara hapaswi kuyaweka maisha yake yote chini ya bendera moja, bali awe raia wa nchi moja, aishi katika nchi ya pili, afanyie biashara katika ya tatu na kuweka akiba katika ya nne, ili pasiwe na serikali yoyote inayoweza kumnyang'anya uhuru na mali kwa mkupuo mmoja. Rai hii imezaa soko, kwani tangu mwaka 1984 Saint Kitts na Nevis imekuwa ikiwapa uraia wageni wanaowekeza au kuchangia hazina yake, na visiwa jirani vya Karibi vimefuata mkondo huo. Historia ya soko lenyewe inajulikana na haina haja ya kurudiwa. Linalohitaji kupimwa ni swali ambalo wauzaji hulipita haraka: pasipoti ya pili inapowekwa mbele ya dola iliyokwisha kuamua kutwaa mali, hulinda nini hasa?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba nadharia ya bendera imechanganya mtu na mali yake. Mtu huweza kuondoka usiku akafika kwingine asubuhi, na pasipoti, kama linavyotamka jina lake jingine la hati ya kusafiria, ni chombo cha kumwezesha kufanya hivyo. Lakini shamba, jengo na fedha walizokopeshwa wateja havisafiri, hubaki mikononi mwa sheria ya pale vilipo.

Hakuna andiko linaloonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 6 Aprili 1955 katika shauri la Liechtenstein dhidi ya Guatemala, na inafaa lisomwe polepole. Friedrich Nottebohm, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1881, alihamia Guatemala mwaka 1905 na kushiriki katika biashara, benki na mashamba ya kahawa, huku akibaki raia wa Ujerumani. Oktoba 1939, wiki chache baada ya vita kuanza Ulaya, aliomba uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba usio wa kuzaliwa, katika Liechtenstein, alikokuwa akiishi ndugu yake. Hukumu imehifadhi gharama zake moja moja: faranga 25,000 za Uswisi kwa wilaya ya Mauren, 12,500 kwa serikali, kodi ya 1,000 kila mwaka na dhamana ya 30,000, huku sharti la kuishi nchini miaka mitatu likisamehewa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwisha kula kiapo, na mapema mwaka 1940 alirejea Guatemala, ambako rejista ya wageni ilibadilishwa ili imtambue kwa uraia wake mpya.

Kwa vipimo vya nadharia ya bendera, kila kitu kilikuwa kimefanywa sawasawa: ada zimelipwa, viza imegongwa, rejista imerekebishwa na nchi iliyochaguliwa haimo vitani. Hata hivyo mwaka 1943 Nottebohm alikamatwa akakabidhiwa kwa Wamarekani, waliomweka kizuizini hadi mwaka 1946. Alipoachiwa, Guatemala ilikataa kumpokea, na mali yake ikachukuliwa. Liechtenstein ilifungua shauri kwa kutumia ulinzi wa kidiplomasia, yaani haki ya dola kudai kwa niaba ya raia wake aliyedhulumiwa na dola nyingine, na majaji 11 dhidi ya 3 wakalikataa dai hilo kwa hoja kwamba uraia huo haukuegemea uhusiano wa kweli kati ya mtu na nchi. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita ni kwamba pasipoti ile haikuwa bure kabisa, kwa kuwa ni Liechtenstein iliyompokea alipofukuzwa kila upande. Ilimwokoa mwenyewe, mashamba ya kahawa haikuyaokoa.

Pana pingamizi la haki. Wanasheria wengi wameilaumu hukumu hii, na kanuni za ulinzi wa kidiplomasia zilizotayarishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2006 hazikuweka uhusiano wa kweli kuwa sharti la jumla, kwa hiyo anayepata uraia kihalali leo huenda asikutane na kikwazo hichohicho. Pingamizi hilo likubaliwe, lakini halimwongezei mwenye mali kinga, kwa sababu ulinzi wa kidiplomasia ni haki ya dola, wala si ya raia, na dola huamua kwa maslahi yake kama itadai au itanyamaza.

Afrika Mashariki ilikwisha kulipa ada ya somo hili. Wakati wa uhuru, Waasia wengi wa Kenya na Uganda walibaki na pasipoti za Uingereza kama akiba ya siku mbaya. Siku hiyo ilipokaribia, Bunge la Uingereza lilipitisha haraka sheria ya uhamiaji ya mwaka 1968, iliyowazuia kuingia kwa uhuru katika nchi ambayo pasipoti zao ziliitaja kuwa yao. Idi Amin alipotangaza Agosti 1972 kwamba waondoke Uganda ndani ya siku 90, pasipoti hizo hatimaye ziliwafungulia maelfu mlango wa kutokea, lakini maduka, viwanda na nyumba vilibaki nyuma.

Mtoa mhadhara huu aliwahi kuonyeshwa, katika nyumba moja ya Leicester, daftari la duka lililokuwa karibu na Masaka. Kurasa zake zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za Kigujarati: sabuni, mafuta ya taa, kanga kwa korija, na pembeni majina ya wateja waliokopa, kila jina likifuatwa na kiasi, na mengine yakiwa yamekatwa kwa mstari yalipolipwa. Katika ukurasa wa mwisho, wa Oktoba 1972, hapakuwa na jina lililokatwa. Mzee mwenye daftari alipoulizwa kama wateja wale walimdhulumu, alijibu kwa Kiswahili: "Hapana, mwanangu. Wao hawakukataa kulipa. Mimi ndiye sikuwepo wa kulipwa." Wahenga husema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mali ya mzee huyu ilipotea daftari likiwa mkononi, pamoja na pasipoti.

Inafaa kukumbukwa pia jinsi sehemu ya mali hizo ilivyorudi. Haikurudishwa na meli za kivita wala mabalozi pekee. Wenye majengo, wawe raia wa Uingereza au wa Kanada, walidai kupitia sheria ya Uganda yenyewe ya mwaka 1982 kuhusu mali zilizotwaliwa, na utekelezaji wake ukashika kasi katika miaka ya 1990. Kilichofungua milango ya maduka ni mabadiliko ya sheria pale maduka yalipokuwa.

Hatimaye, uraia wa pili usibezwe, kwani kwa aliyetishiwa maisha ni uokovu, na familia zilizotawanyika kati ya Mombasa, Muscat na Toronto zina sababu njema za kuutaka. Lakini anayeuuza kama ngome ya mali anauza kisichokuwepo. Ngome ya mali ni mahakama isiyoogopa simu ya waziri, rejista ya ardhi isiyochezewa, fidia inayolipwa kweli, na majirani wanaomwona mwenye duka kuwa mwenzao. Mambo hayo hujengwa na watu wenye uwezo na sauti, ambao ndio hao wanaoshauriwa kununua njia ya kutokea. Nottebohm alikaa Guatemala zaidi ya miaka 30 bila kuwa raia wake, kisha akatafuta kinga katika nchi aliyoijua kwa ziara tu. Na mzee wa Leicester, hadi siku alipolifunga daftari lake, hakuwa akidai senti moja nje ya Masaka.