Maktaba Iwe Baraza, Isiwe Ghala



Leo tuzungumze juu ya maktaba ya kijiji. Siyo vitabu vyake, bali jengo lenyewe.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, iliyokuwa Wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa moja ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka kwisha. Wazee wetu walikaa madarasani jioni, mikono imejaa utomvu wa migomba. Wakajua kusoma. Lakini wako waliosahau tena, maana hawakuwa na cha kusoma wala mahali pa kusomea. Katika miaka hiyo ya 1970 zikaanzishwa maktaba za vijiji. Nyingi hazikudumu. Sisi wenyewe tumeona mahali vitabu vimefungiwa kabatini kama mbegu za msimu ujao.

Maktaba ya Mkoa ipo mjini Moshi. Je, mama wa Rombo atalipa nauli akasome kurasa mbili? Thubutu!

Basi tukijenga yetu, tuanze na njia. Jengo likae pale watu wanapopita wakitoka sokoni. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani atatua mzigo barazani apumzike, na macho yatatua kwenye gazeti. Kwa hiyo baraza liwe pana, liwe na benchi refu na ubao wa matangazo: bei ya kahawa, siku ya chanjo ya watoto, zamu za maji ya mfereji. Mtu husoma kwanza kile kinachomhusu. Ila lisiwe jirani na kilabu cha pombe. Hatuna ugomvi na mbege, jamani, lakini akina mama hawatakuja.

Ndani tuweke meza moja kubwa. Aliyejua kusoma juzi huona haya peke yake, mezani atamwuliza jirani, "Hebu, neno hili ni nini?" Tusiamriwe kunyamaza. Wanafunzi wa mitihani watatoshwa na chumba kidogo cha nyuma. Madirisha yawe makubwa, maana siku za masika huku mlimani giza huingia mapema. Na rafu zisiguse ukuta, unyevu utakula vitabu.

Nguvu kazi tunayo, msaragambo tunaujua.

Limebaki la ufunguo, na hilo ndilo lililoua maktaba nyingine. Ufunguo ukikaa kwa mtu mmoja, siku akienda matanga maktaba imefungwa. Tunapendekeza washike watu watatu, mmoja wao mama, na mlango ufunguliwe saa tisa alasiri, majani ya ng'ombe yakiwa yameshakatwa. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, msiiachie kamati peke yake. Njooni mseme nani atashika.