Sauti na Kamera katika Filamu za Mauaji ya Kambodia

Wapiganaji wa Khmer Rouge, chama cha Kikomunisti cha Kambodia, waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, tarehe 17 Aprili 1975, na papo hapo wakazi wote wakaamriwa kuhama. Wagonjwa walitolewa hospitalini, wengine wakisukumwa barabarani juu ya vitanda vyao. Kiongozi wa wapiganaji hao, Saloth Sar, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pol Pot, alitaka taifa la wakulima watupu lisilo na miji, soko wala dini. Fedha ilifutwa, shule zikafungwa, familia zikatenganishwa, na kila mwenye nguvu akapelekwa kulima mpunga au kuchimba mifereji. Majeshi ya Vietnam yalipouangusha utawala huo tarehe 7 Januari 1979, watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, maradhi, kazi za sulubu na kuuawa, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 8.

Pol Pot mwenyewe alipelekwa Paris mwaka 1949 kusomea ufundi wa redio, akarudi bila shahada. Utawala wake ulijua vizuri kazi ya sauti. Vijijini na kwenye maeneo ya ujenzi vipaza sauti vilirusha nyimbo za mapinduzi na matangazo ya chama, watu wakiwa kazini. Huko Choeung Ek, nje kidogo ya Phnom Penh, ambako miili ya watu karibu 9,000 ilifukuliwa baadaye, wageni huelezwa kwamba nyimbo hizo na ngurumo ya jenereta vilitumika usiku kufunika vilio vya waliokuwa wakiuawa kwa majembe na marungu. Muziki wa zamani ulinyamazishwa pamoja na wenyewe: Sinn Sisamouth na Ros Serey Sothea, waimbaji waliopendwa kuliko wote nchini, walitoweka katika miaka hiyo. Sinema nayo haikusalimika. Kati ya mwaka 1960 na 1975 Kambodia ilikuwa imetengeneza filamu zipatazo 400, na zilizonusurika ni chache mno.

Kamera, kwa upande wake, ilipewa kazi gerezani. Shule moja ya sekondari katika mtaa wa Tuol Sleng iligeuzwa gereza la siri lililoitwa S-21, chini ya Kaing Guek Eav, maarufu kwa jina la Duch, aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati. Kila mfungwa alipigwa picha alipofikishwa, akitazama lenzi moja kwa moja, wengi wakiwa na namba iliyobanwa kwenye nguo. Miongoni mwao wamo akina mama waliopakata watoto wachanga. Watu wasiopungua 12,000 walipitia humo, na waliotoka hai ni wachache sana. Mmoja wao ni mchoraji Vann Nath, aliyeachwa hai kwa sababu wakuu wa gereza walihitaji mtu wa kuchora picha za Pol Pot. Mwenye kuziangalia picha hizo leo amesimama pale pale aliposimama mtumishi wa gereza, na ugumu huo umemkabili kila mtengenezaji wa filamu aliyeigusa historia ya Kambodia.

Filamu iliyoifikisha habari hiyo kwa watu wengi zaidi duniani ni The Killing Fields ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Roland Joffé na kupigwa nchini Thailand. Inasimulia habari za Sydney Schanberg, mwandishi wa gazeti la New York Times, na mwenzake Mkambodia Dith Pran, aliyebaki nyuma wageni walipoondoka. Mpiga picha wa filamu hiyo, Chris Menges, alikuwa na uzoefu wa miaka mingi katika vipindi vya hali halisi vya televisheni, na uzoefu huo unaonekana: umati ukihamishwa mjini, mtazamaji hujikuta katikati ya mabega na mizigo. Katika sehemu inayokumbukwa zaidi, Pran anatoroka akipita kwenye majaruba, anateleza na kutumbukia kwenye maji ya matope, na kitu anachokutana nacho humo ni mifupa ya watu. Anapojikokota kutoka, eneo zima linaonekana, nalo limejaa mafuvu. Menges alipata tuzo ya Oscar, na mhariri Jim Clark vilevile. Muziki wa Mike Oldfield, wenye vyombo vingi vya kielektroniki, una nguvu, lakini mahali pengine unamwamulia mtazamaji namna ya kuhuzunika kabla hajapata nafasi ya kuona. Uzito wa filamu umo katika uso wa Haing S. Ngor, aliyeigiza kama Pran. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa daktari aliyeteswa na Khmer Rouge, na mke wake alikufa katika uzazi huku yeye akiwa hana kifaa hata kimoja cha kumpasulia. Naye alipewa Oscar.

Rithy Panh alifuata njia nyingine. Alizaliwa Phnom Penh mwaka 1964, akapoteza wazazi na ndugu kambini, akakimbilia Thailand mwaka 1979 na kisha Ufaransa, alikosomea utengenezaji wa filamu. Katika filamu yake ya hali halisi kuhusu S-21, iliyotoka mwaka 2003, aliwarudisha gerezani waliokuwa askari jela wakutane na Vann Nath. Mmoja wao, aliyechukuliwa akiwa bado mvulana, anaonyesha zamu yake ya usiku ndani ya chumba kitupu. Anakagua makomeo, anaingia, anawafokea wafungwa wasioonekana, anamletea mmoja kopo la haja, anatoka na kufunga. Mwili wake unakumbuka kila kitu. Kamera haikatizi tendo hilo, wala haimfuati ndani: inabaki mlangoni na dirishani. Panh ameeleza kwamba kuingia kungekuwa sawa na kuwakanyaga wafungwa waliolazwa sakafuni. Hakuna muziki. Kinachosikika ni nyayo na sauti ya mtu mzima akirudia vitisho alivyofundishwa utotoni, na sikio linajaza kile ambacho jicho limenyimwa. Mbinu hii, nyepesi kwa vifaa na nzito kwa uamuzi, ndiyo iliyofika mbali kuliko zote.

Mwaka 2013 Panh alitoa filamu kuhusu familia yake mwenyewe, The Missing Picture, iliyoshinda tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes. Picha za mauaji hazikuwepo. Zilizokuwepo ni za propaganda, zenye umati unaobeba udongo kwa bidii ya kupangwa. Kwa hiyo fundi Sarith Mang alifinyanga mamia ya sanamu ndogo za udongo. Sanamu hazitembei. Kamera ndiyo inayosogea polepole kati yao, na sauti za kijiji, za mvua na za nyimbo za chama ndizo zinazozipa uhai. Mara nyingine sanamu hizo zinawekwa juu ya picha za propaganda zenyewe, waliofutwa wakarudishwa mahali walipofutiwa. Baba yake Panh aliamua kuacha kula chakula alichoona hakimstahili binadamu, akafa. Usiku ule mama aliwasimulia watoto mazishi aliyopaswa kufanyiwa mumewe, na filamu inayatimiza kwa udongo.

Mahakama ya kuwahukumu viongozi wa Khmer Rouge ilichelewa kuja. Vann Nath alitoa ushahidi dhidi ya Duch mwaka 2009, akafariki mwaka 2011. Duch alihukumiwa kifungo cha maisha katika rufaa mwaka 2012. Kosa la mauaji ya kimbari, ambalo mahakama ya Arusha iliyosikiliza kesi za Rwanda ilikuwa ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwalo mwaka 1998, lilithibitishwa Phnom Penh mwaka 2018 dhidi ya viongozi wawili wa utawala wa Pol Pot: Nuon Chea kwa maangamizi ya Waislamu wa kabila la Cham na ya Wavietnam, Khieu Samphan kwa ya Wavietnam. Wakhmer, kabila lililo kubwa nchini, waliouawa na utawala wao wenyewe walihesabiwa chini ya jinai dhidi ya ubinadamu. Nje ya mahakama, Panh alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha Bophana mjini Phnom Penh mwaka 2006, kinachokusanya picha na sauti za Kambodia zilizotawanyika duniani na kuwafundisha vijana kazi ya kamera.