Thamani ya Nyumba Mjini Kigali

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wenye nyumba na viwanja mjini Kigali hukumbushwa kwamba tarehe 31 Desemba ndiyo siku ya mwisho ya kutangaza na kulipa kodi ya mali isiyohamishika. Fedha hizo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kwa niaba ya serikali za mitaa, na ni wachache wanaobisha kwamba barabara, taa na mifereji ya maji ya mvua, katika mji uliojengwa juu ya vilima, ni vitu vya gharama. Ubishi uko mahali pengine. Uko katika tarakimu moja inayoandikwa kwenye fomu, nayo ni thamani ya nyumba.

Zamani tarakimu hiyo haikumnyima mtu usingizi. Sheria ya mwaka 2011 ilitoza sehemu moja tu katika elfu ya thamani. Mambo yalibadilika ilipotungwa Sheria Namba 75 ya mwaka 2018, iliyopandisha kiwango cha nyumba za kuishi hatua kwa hatua kuelekea asilimia 1 ya bei ya soko, na kuruhusu kiwanja kitozwe hadi faranga 300 kwa kila mita ya mraba. Malalamiko yalikuwa makubwa, hata Serikali ikaamua kwamba kodi ya viwanja ya mwaka 2020 ilipwe kwa viwango vya 2019. Hatimaye sheria mpya ya Septemba 2023 ilishusha kiwango cha nyumba za kuishi hadi asilimia 0.5, na kile cha kiwanja kisizidi faranga 80 kwa mita ya mraba. Nyumba moja ambayo mwenyewe ameiteua kuwa makazi yake haitozwi kodi ya jengo. Inayotozwa ni ya pili na zinazofuata, na kwa familia nyingi za Kigali hiyo ya pili ndiyo inayopangishwa ili ilipe ada za shule.

Punguzo hilo lilistahili kupongezwa. Hata hivyo, kushusha kiwango hakuponyi thamani iliyokosewa. Tuseme nyumba inayoweza kuuzwa kwa faranga milioni 50 imeandikwa kuwa na thamani ya milioni 80. Mwenyewe atalipa faranga 400,000 badala ya 250,000, na kosa hilo litarudi kila mwaka hadi hapo litakaposahihishwa.

Makosa ya namna hiyo huzaliwaje? Mara nyingine ni ya mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayetangaza thamani. Alipokwenda benki kuomba mkopo alifurahi kuona mthamini akiandika tarakimu nene, na karatasi ile ile akaichukua kuwa ndiyo bei ya nyumba yake. Mara nyingine mamlaka haikubaliani na tangazo lake na kumkadiria upya. Tena yapo mambo ya ujirani. Mtu aliyejenga kwa matofali ya udongo huko Biryogo au Gikondo miaka mingi iliyopita hakuongeza hata chumba kimoja, lakini pembeni yake yameota maghorofa. Ni kweli ardhi yake imepanda bei, na hilo hawezi kulikana. Ila kuta zake zimezeeka, na mthamini anayekadiria mtaa mzima kwa kupita barabarani hawezi kuziona nyufa zilizo ndani.

Mwananchi wa namna hiyo ana haki ya kupinga, kwanza kwa maandishi mbele ya mamlaka inayotoza, na asiporidhika, mahakamani. Lakini pingamizi halijengwi kwa manung'uniko. Kusema kwamba kodi ni kubwa si hoja, maana kiwango kimewekwa na sheria. Hoja ni kwamba nyumba haina thamani iliyoandikwa. Hilo huthibitishwa kwa bei za nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni katika mtaa huo huo, kwa picha za hali ya jengo, kwa vipimo vya kiwanja vilivyolinganishwa na hati ya ardhi, na zaidi ya yote kwa taarifa ya mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010 iliyounda taaluma hiyo nchini Rwanda. Mthamini hulipwa. Ikiwa tofauti yenyewe ni faranga elfu chache kwa mwaka, afadhali mtu ahesabu kwanza. Na asiache siku za rufaa zikapita, wala asigome kulipa sehemu ile asiyoipinga, kwani faini za kuchelewa humeza faida yote ya kushinda.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mwenye nyumba huyo huyo anayetaka thamani iwe ndogo wakati wa kodi, huitaka iwe kubwa siku eneo lake linapochukuliwa kwa manufaa ya umma, na sheria ya mwaka 2015 inamruhusu kuleta mthamini wake kupinga fidia ndogo. Lakini serikali nayo haina budi kujitazama katika kioo hicho. Nyumba iliyohesabiwa milioni 80 siku ya kutoza haiwezi kugeuka kuwa ya milioni 50 siku ya kufidia.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU, shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, zikapandishwa kuwa 18,000 mwaka 2023. Hapo hakuna mthamini wala rufaa ya thamani. Lakini kibanda cha Tandale na nyumba ya fahari ya Masaki isiyo na ghorofa hutozwa sawa, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji.

Kigali imeshika njia ya bei ya soko, ambayo ni ya haki zaidi ilimradi bei yenyewe iwe ya kweli. Kwa hiyo ofisa anayepokea pingamizi hana sababu ya kumdhania mwenye nyumba kuwa mkwepa kodi. Anachodaiwa ni kumwonyesha, kwa maandishi, ni nyumba zipi zilizotumiwa kulinganisha na ya kwake, ziko mtaa gani, na ziliuzwa lini.